Kinywa Alichokisugua Grasiana

Grasiana alikuwa mtu wa usafi kupita kiasi. Kambini kwetu, kwenye shamba la mkonge upande wa Makuyuni, wanawake walimwita Mama Sabuni, naye hakukasirika. Baba yake alitoka Ubena kwa kazi ya manamba, yaani vibarua wa mkataba, akafia hapa hapa. Yeye mwenyewe alianika singa, zile nyuzi za mkonge, tangu hajavunja ungo. Mumewe Ponsiano alikata mkonge. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Rosa, wa miaka mitatu. Vyumba vyetu vilipakana, kwa hiyo kikohozi cha Rosa nilikijua kama cha mwanangu Jonathan.

Mwaka 1951 surua ilipita kambini. Watoto wetu hao wawili walipona upele, lakini fizi zikabaki zinavuja damu na vinywa vinanuka. Siku hizo kulikuwa na daktari Mzungu anayezunguka mashambani akichunguza vinywa vya watu, wazima kwa wagonjwa, akitafuta wadudu wasioonekana kwa macho. Mtoto atakayekutwa nao wengi mno atapelekwa hospitali, Korogwe, akapigwe sindano.

Nyapara Hiza alipita akitangaza. "Kesho kila mama na mtoto wake. Vinywa viwe safi, msiniaibishe kwa Mzungu."

"Na wewe utafungua chako, nyapara?" mmoja akamuuliza. "Tuambie mapema tusimame mbali."

Tulicheka. Hayo ya usafi aliyaongeza mwenyewe, daktari hakuyasema. Lakini tungejuaje? Nani anampelekea mgeni kinywa cha asubuhi?

Alfajiri nilimsikia Rosa akilia. Grasiana alikuwa akimsugua kwa mswaki wa mti na mkaa uliosagwa, kisha maji ya chumvi, kisha mswaki tena. "Vumilia, mama. Vumilia tumalize."

Mimi nilichelewa kuamka. Nikambeba Jonathan vile vile alivyo, nikasimama mwisho wa mstari, naona haya.

Dresa Simeo, msaidizi wa daktari, Mshambaa wa Vugiri, ndiye aliyekwangua. Kijiti kidogo pembeni mwa fizi, akapaka kwenye kipande cha kioo, akakipa namba. Daktari akainamia darubini yake. Kila alipoinua kichwa alimwambia Simeo neno, naye Simeo akatutafsiria.

"Mama Rosa, mtoto wako hana neno. Nenda nyumbani."

Grasiana alinitazama kwa huruma, mimi niliyeambiwa nipande lori la hospitali na Jonathan.

Siku ya tano nilirudi na Jonathan, anakula vizuri. Nikamkuta Rosa shavu limevimba, katikati lina doa jeusi kama pameungua. Harufu ilifika mpaka kwangu. Ponsiano hakungoja gari. Alimbeba mgongoni kwa miguu mpaka Korogwe. Sindano alipigwa. Siku ya tatu akafa.

Matanga yalipoisha Simeo alikuja na daftari, akaketi mkekani.

"Pole, mama. Daktari anauliza, asubuhi ile ulimfanyia nini mtoto?"

"Nilimsafisha."

"Kwa nini?"

"Tuliambiwa."

Simeo akaeleza kwamba wadudu hao tunao sote, hata yeye, hata huyo Mzungu. Mwili ukiwa na nguvu, hukaa kama wapangaji wapole. Mwili ukichoshwa na surua, wabaya huongezeka wakamla mwenye nyumba. Daktari alitaka kuwaona walivyo, mahali pao.

"Kwa hiyo mimi niliwaficha."

"Hukujua, mama."

"Sikukuuliza kama nilijua."

Grasiana akamweleza yote bila kulia: chumvi kiasi gani, mkaa wa mti gani, alisugua mara ngapi. Simeo akaandika. Mimi nilikuwa mlangoni nimempakata Jonathan, nikatamani kumfunika kwa kanga asionekane.

Daktari aliporudi kupima tena, tangazo lilikuwa la namna nyingine: mtoto aje kama alivyoamka. Lakini Grasiana hakumwachia nyapara kazi hiyo. Alizunguka mwenyewe, mlango kwa mlango, kabla jua halijatoka. Hakuna aliyemtania.

Kwangu alimkuta Jonathan ameketi kizingitini anapiga miayo. Alikitazama kile kinywa kwa muda.

"Mwache hivyo hivyo," akaniambia, akaenda mlango wa pili.