Sindano Iliyopewa Tuzo

Mwaka ule mwalimu wetu wa sekondari pale Jakobsberg, nje kidogo ya jiji, alitaka kila mwanafunzi aeleze ugunduzi mmoja wa mwanzoni mwa karne ya ishirini, uliopewa tuzo kubwa hapa Stockholm. Wenzangu waligombania mionzi na atomu. Mimi nilichagua insulini, kwa kuwa ilikaa kwenye friji yetu, kando ya maziwa. Mama alikuwa na sukari, ile ya kujidunga sindano kila siku.

Nikasoma. Zamani mtoto mwenye sukari alinyimwa chakula ili asogeze siku, akabaki mifupa mitupu, kisha akafa vilevile. Halafu madaktari wakapata dawa kwenye kongosho za wanyama, na watoto waliokuwa wanakata roho wakaamka wakaomba kula. Nilimsomea Mama jikoni, kichwa kimenivimba kwa majivuno. Akasema, "Mungu aliwapa akili, mwanangu." Nikafurahi.

Wiki ileile kanisa letu la Warundi likafunga na kuomba, na mhubiri mgeni akawaita wagonjwa mbele. Mama akaenda. Akaombewa, akaanguka, akainuka na kutoa ushuhuda kwamba amepona, hajidungi tena. Watu walipiga vigelegele, wengine wakalia.

Ushuhuda kwetu si mchezo. Ukishausema mbele ya kanisa, huwezi kurudi Jumapili useme jamani samahani, bado naumwa. Hapo ndipo Mama alipojitia kitanzi kwa ulimi wake mwenyewe.

"Mama, jidunge tu. Nani atakuona?"

"Mungu hayuko jikoni?"

Nikamfokea kwa Kiswidi, kama kawaida yangu nikipandwa na hasira. Akaendelea kumenya ndizi.

Siku ya kutoa tuzo, televisheni ilionyesha mfalme akigawa medali kwa wanasayansi. Mama alikuwa kitandani anatapika, anahema kama mtu aliyekimbia, pumzi yake inanuka matunda yaliyooza. Niliita gari la wagonjwa. Walikuja haraka, siwalaumu. Alifia hospitali kesho yake asubuhi. Loh! Na dawa ilikuwa pale nyumbani, kwenye friji, chumba cha pili kutoka kitandani pake!

Msibani nyumba ilijaa. Mama mchungaji akasimama, akasema dada yetu ameondoka akiwa mzima, kazi ya Mungu haina makosa. Wakaitikia, "Amina!" Hapo nilishindwa kuvumilia.

"Mama yangu hakupona," nikasema. "Aliacha dawa, akafa. Msiniitikie amina!"

Mjomba akanivuta mkono nikae. Eti watoto wa Ulaya hawana adabu. Nikamponyoka, nikakimbilia jikoni kulia.

Mama mmoja wa kanisani alikuwa anaosha vikombe. Akanitazama, akaenda kufunga mlango, akauliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, mtu akiacha ile sindano, kuzidiwa kunaanzaje?"

"Kwa nini unauliza?"

"Baba wa watoto wangu anayo sukari. Aliposikia ushuhuda wa mama yako, akasema kama yule amepona, na yeye amepona. Akatupa sindano zake zote."

"Yuko wapi sasa?"

"Nyumbani. Amelala. Tangu asubuhi anatapika."

Nikamwambia anitajie anwani, nikaita gari la wagonjwa kwa mara ya pili wiki ile.