Spika ya Baba Kanisani

Baba alifanya kazi ya reli miaka mingi, akigonga vyuma, na vyuma vikamziba masikio. Alipostaafu tulihamia Kibwezi akawa mkulima wa kumwagilia maji, na kanisani akaacha kwenda kabisa. "Niende kutazama midomo?" alikuwa akiuliza. Lakini Mama alikuwa mwanakwaya, na Jumapili ya mavuno ilipokaribia akapewa ubeti wa kuimba peke yake. Baba akaanza kunizungukazunguka dukani kwangu. Alitaka kumsikia mkewe, hata mara moja tu.

Mimi nilikuwa fundi wa redio, na majivuno sikukosa. Nilimwambia kwa sauti ya juu kwamba hilo ni jambo dogo. Kanisa lilikuwa na amplifaya na spika kubwa ya honi. Nikang'oa spika ndogo kwenye redio mbovu, ili Baba aishike sikioni, nikaiunga moja kwa moja kwenye waya wa honi.

Mchungaji alipoanza kuhubiri, honi ikanong'ona tu. Spika ya Baba nayo ikapiga yowe. "Aiya!" Baba akaruka. "Nasikia! Kwani mnanipigia kelele ya nini?" Nilichomoa waya mbio kabla spika haijaungua. Mama alinikazia macho kutoka kwenye viti vya kwaya hadi nikatamani ardhi inimeze.

Bahati nzuri mchungaji wetu hakujua kufupisha mahubiri. Nilipokuwa nikikimbilia dukani nikaukumbuka mfereji wa shamba letu: ukifungua mlango wako wote, majirani wa chini hawapati hata tone. Spika ile ndogo ilikuwa na ukinzani mdogo mno kwa waya ule, ikawa inabugia umeme wote. Honi haikubugia kwa sababu ndani yake mlikuwa na transfoma ya kuupunguza umeme. Nilikuwa na honi iliyopasuka pale dukani. Nikatoa transfoma yake, nikarudi nayo kanisani, upande wa mizunguko mingi ya waya nikauunga kwenye waya wa honi, upande wa mizunguko michache kwenye spika ya Baba. Sasa ingechota kiasi chake tu, na honi ipate chake.

Mama akasimama. Honi ikaimba vizuri, na Baba akaibana spika sikioni. Kisha akasema, akidhani ananong'ona, "Sauti imezeeka! Lakini ni yeye!"

Kanisa zima lilimsikia bila honi. Mama akakatiza katikati ya ubeti, akaangua kicheko mbele ya maikrofoni, ndipo akaumalizia wimbo.

Tukienda nyumbani nilimpazia Baba sauti nikimuuliza kama wimbo ulikuwa mzuri.

"Wimbo?" akasema. "Si alicheka? Mimi nilikuwa nimesahau vile huwa anachekaga."

Nikalia pale pale barabarani, wala sikuona haya.