Nilimshukuru Shemeji kwa Kunibebea Friji

Shemeji yangu alinibebea friji mpaka kwenye gari, nikamwambia Mungu akulipe.

Wakati namwambia hivyo, yeye alikuwa anajua mume wangu amekufa.

Mimi sikuwa najua.

Haya ninayoandika yalinipata mwenyewe, pale Tunduma, mwaka 2003. Wakati huo hata Mkoa wa Songwe haujazaliwa, tulikuwa bado watu wa Mbeya. Nimekaa nayo moyoni muda mrefu, leo nimeona niyatue. Atakayejiona humu ndani, ajione tu.

Mimi ni mtoto wa Mbebe, kule juu Ileje. Nilizaliwa nikaitwa Rosemary. Nilikuja Tunduma na cherehani aliyoninunulia baba baada ya kuuza kahawa yake, nikapata kibaraza cha kushonea pale sokoni. Ndipo nikakutana na Twaibu.

Twaibu alikuwa dereva wa malori ya Kongo. Kwao ni Kondoa, lakini nusu ya ukoo ulishahamia mpakani kufuata biashara. Tukapendana, nikasilimu, nikaitwa Yasmini. Tukajenga nyumba yetu taratibu, yeye akisafiri, mimi nikishona.

Alikuwa mtu mzuri. Naomba mlishike hilo mapema, maana huko mbele mtataka kumtukana. Hakuwahi kuninyanyulia mkono. Hakuwahi kuninyima.

Shida ilikuwa kwao.

Kaka yake mkubwa, Othmani, alikuwa na duka la vipuri vya magari. Yeye alikuwa mpole, hana neno na mtu. Lakini dada yao, Stumai, jamani. Miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kuniita Yasmini. Kwake nilikuwa "yule Mndali", kabila langu ndilo jina langu. Na kwa kuwa Mungu hakutujalia mtoto, nikizidisha chumvi tu kwenye mboga, tumbo langu nalo linatajwa.

Nilishazoea. Unamezea, maisha yanaenda.

Sasa siku yenyewe.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umekaribia, na mimi nina tabia, siingii kwenye mfungo na nyumba chafu. Twaibu yuko njiani anarudi kutoka Lubumbashi. Nikasema leo sifungui kibaraza, leo ni mimi na nyumba yangu.

Kama umewahi kukaa Tunduma mwezi wa kumi, unalijua lile vumbi. Malori yanapita mchana kutwa, upepo unalisomba, unakuja kulimwaga ndani kwako. Ukipitisha kidole kwenye kabati asubuhi, jioni unapitisha tena.

Nikamsubiri Mzambia wa mkokoteni wa maji. Akaja, akanisalimia "mulishani, bamayo" kama kawaida yake, akanijazia pipa. Nikafunga kanga kiunoni.

Nikatoa kila kitu nje. Kila kitu. Makochi, meza, friji nikalisukuma mpaka barazani, runinga, magodoro juu ya ukuta, mapazia kwenye beseni. Cherehani nikaibeba mwenyewe, huwa simwachii mtu.

Nyumba ikabaki tupu, ukikohoa inakuitikia.

Nikafagia utando wa buibui juu ya dari. Nikaua mende wa nyuma ya friji, ukoo mzima. Nikadeki, nikapaka sakafu nta nyekundu, nikaanza kuisugua nimepiga magoti. Redio inaimba kwa mbali kwa jirani. Hakuna anayenisemesha, hakuna anayeniuliza kitu.

Niseme ukweli wangu. Nilikuwa na raha siku ile. Ile raha ya mwanamke akiwa peke yake kwake, anapanga kichwani kochi lile nitaliweka huku, meza ile kule, akirudi baba mwenye nyumba ashangae.

Saa nne hivi nikasikia gari limesimama. Canter.

Akashuka Othmani. Akashuka na Stumai. Na vijana wawili wa dukani.

Nikajua nimefumaniwa nyumba ikiwa hovyo, leo maneno nitayapata. Nikaanza kuomba radhi hata kabla ya salamu.

Stumai akaangalia vile vyombo uani. Halafu akachukua fagio.

Ndugu zangu, wifi yangu alichukua fagio akaanza kufagia uwanja wangu.

Nikapigwa bumbuwazi. Tangu nimeolewa hajawahi hata kuosha kikombe kwangu. Nikasema kimoyomoyo, labda ni Ramadhani inamlainisha, labda Mungu amesikia.

Othmani akanivuta pembeni kwa upole. Akasema jana Twaibu amempigia simu dukani. Kumbuka simu ya nyumba yetu ilikuwa moja, na Twaibu ndiye husafiri nayo. Akasema Twaibu ameagiza makochi yapelekwe kwa fundi yabadilishwe kitambaa kabla ya mfungo, iwe zawadi yangu. Na friji lijazwe gesi, maana lilikuwa haligandishi vizuri.

Na kweli lilikuwa haligandishi vizuri.

Kila kitu kilikuwa na maelezo yake. Runinga ikakae kwake, maana nje hapa wezi watapita nayo. Kabati linahitaji vanishi. Cherehani, Stumai akasema, isiharibiwe na vumbi, atanitunzia mpaka nimalize usafi.

Hapo kwenye cherehani nilisita kidogo. Stumai akanishika bega, akaniita jina langu.

"Yasmini," akasema, "niachie mimi."

Basi nikamwachia. Mtu amesubiri jina lake miaka yote, akiitwa anatoa chochote.

Nikakimbia jikoni nikabandika chai. Nikawakaangia mayai. Wakala wamesimama, wanapakia. Othmani mwenyewe ndiye aliyelishika friji kwa upande mzito, jasho linamtoka, na hapo ndipo nilipomwombea dua.

Niliona macho ya Stumai mekundu. Nikamuuliza kulikoni, akasema vumbi.

Nimelifikiria sana jambo hilo baadaye. Machozi yake yalikuwa ya kweli, alimpenda mdogo wake. Analia kweli, na mikono yake inabeba kweli.

Gari likaondoka. Nikarudi kwenye sakafu yangu kusugua.

Haukupita muda mrefu akaingia Nesta. Huyu ni jirani yangu, Mnamwanga, alikuwa anauza mchele sokoni. Ameingia mbio, kanga iko kichwani, viatu hana. Akasimama mlangoni, akaangalia ile nyumba tupu.

"Pole, mwenzangu," akasema.

"Asante," nikamjibu, "karibu namaliza. Pita upande huu, huko nta bado mbichi."

Nesta akaweka mkono mdomoni. Akapiga magoti pale pale kwenye nta, akanikumbatia, na mimi nimeshika kitambaa.

Yeye ndiye aliyeniambia. Gari la Twaibu limeanguka usiku karibu na Serenje, huko Zambia, limeungua. Madereva wamepiga simu dukani kwa Othmani tangu alfajiri. Soko zima linajua. Yeye alidhani na mimi najua.

Tangu alfajiri.

Sitawaelezea nililiaje. Mliofiwa mnajua, msiofiwa Mungu awaepushie.

Waombolezaji wakaanza kuja, nikawapokea kwenye nyumba isiyo na hata kigoda. Nesta akazunguka mtaani kuazima mikeka. Watu wananong'ona, wanaangalia kuta. Alama ya kabati ilikuwa bado inaonekana ukutani.

Jioni shehe wa msikiti wetu akauliza wazi mbele ya wanaume, vyombo vya nyumba hii viko wapi. Othmani akajibu vimewekwa pembeni kupisha msiba. Shehe akamwangalia sana. Akasema mjane ana fungu lake, hatolewi nyumbani kwake mpaka eda iishe, na mali ya marehemu haiguswi kabla marehemu hajazikwa. Othmani akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kunywa chai.

Stumai alikuja kulala na sisi wanawake. Hakukana. Aliniambia walikuwa wanatafuta namna ya kunieleza, wakaona vyombo tayari viko nje, wakaona ni heri. Akasema hata hivyo mimi bado kijana, baada ya eda kwetu Mbebe watanipokea.

Nikamuuliza cherehani yangu iko wapi. Akasema si wakati wake.

Tukawa tunasubiri mwili uvuke mpaka. Taratibu za Zambia ndefu. Kaburi likachimbwa.

Na kabla mwili haujafika, mchana kweupe, akaingia Twaibu kwa miguu yake.

Wanawake waliokuwa uani wakakimbia, mmoja akapita na sufuria la wali. Mimi sikukimbia. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka, kavaa shati lisilo lake. Akaniita jina langu, nikazima.

Nilipozinduka nikaelezwa. Twaibu alishikwa na malaria njiani, akalazwa kwenye zahanati ya kanisa huko porini, hajitambui. Kabla hajazidiwa alimwachia gari utingo wake, Lwitiko, ambaye alikuwa na leseni lakini hajawahi kupewa usukani safari ndefu. Lwitiko ndiye aliyeungua. Simu ya Twaibu na vitambulisho vyake vilikuwa ndani ya gari, watu wakadhani ni yeye.

Msiba ukahama. Vilio vyote vilivyokuwa kwetu vikahamia Vwawa, kwa mama yake Lwitiko. Nilikwenda kumpa pole yule mama. Alinishika mkono akaniambia una bahati, mwanangu. Nikasema ndiyo.

Nilikuwa naamini ni bahati.

Tuliporudi, Twaibu akapata nguvu kidogo, akaanza kuiangalia nyumba. Akauliza kochi liko wapi, akae.

Nikamweleza. Kuanzia Canter mpaka chai na mayai. Nilieleza taratibu, sikuongeza chumvi, maana niliona haihitaji. Nilijua huyu mtu sasa atapasua ukuta. Atakwenda kwa Othmani na kwa Stumai, na patachimbika.

Twaibu akainamisha kichwa. Akasema, msiba unachanganya watu akili.

Kesho yake akaenda kwa kaka yake, akarudi na makochi na friji. Runinga ilirudi baadaye. Kabati walishampa mtu. Cherehani Stumai alishaiuza, imevuka mpaka hadi Nakonde, kwa mama mmoja wa Kizambia. Aliiuza wakati sisi tunasubiri mwili.

Nikamwambia Twaibu ile ni ya baba. Akasema anajua, ataninunulia nyingine nzuri zaidi. Ila hatagombana na ndugu zake wa damu kwa ajili ya vyombo.

Nikasema sio vyombo. Walijua umekufa, wakaja wakanywa chai yangu.

Halafu akasema neno ambalo nalisikia mpaka leo.

"Sasa Yasmini, kama ningekuwa nimekufa kweli, si vingekuwa vyao?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekukumbusha kitu mnachokijua wote.

"Na mimi?" nikamuuliza. "Siku ukifa kweli, mimi nitakuwa wa nani?"

"Wewe si utarudi kwenu Mbebe," akasema. "Ungebaki hapa na nani, na mtoto hatuna?"

Akaomba maji ya kunywa.

Nikampa maji.

Ule mwezi nikaufunga wote ndani ya nyumba ile. Nilimpikia futari, nilimpikia na Stumai alipokuja, akaketi kwenye mkeka wangu akasifia uji. Alikuwa amesharudia kuniita Mndali. Sikugombana na mtu. Nilikuwa najitazama kama mgeni anayejua atalala mpaka lini.

Baada ya Idi nikadai talaka.

Twaibu alishangaa kweli kweli. Alikwenda kwa shehe, akamuuliza amenikosea nini, mbona hajanipiga, hajanifukuza, hajaniletea mke mwenza. Shehe akaniita, akanisikiliza mpaka mwisho. Akamgeukia Twaibu akamwambia, mke wako amefiwa na wewe ukiwa hai, bwana. Twaibu hakuelewa. Nilimwona usoni kwamba hakuelewa, na hapo ndipo nilipolia, sio kabla.

Mtaani ikasemwa nimeacha ndoa kwa sababu ya cherehani. Hata baba yangu alisema hivyo. Talaka nikaipata, nikahamia Vwawa, nikaanza upya kwa kushona kwenye mashine ya mtu, kwa kugawana. Nyumba niliyoijenga nusu sikupata hata tofali. Wengine wataniambia nilikuwa mjinga, ningekaa kimya nile maisha. Inawezekana.

Twaibu yuko hai. Alioa tena, ana watoto watatu. Tukikutana stendi anateremka kwenye gari kunisalimia, ananiuliza habari za nyumbani, na mimi namuuliza za kwake. Namwombea umri mrefu, na zaidi namwombea yule mke wake.

Wadogo zangu, sina elimu ya kuwafundisha ndoa. Ila mtu akikwambia anakupenda, usimuulize anakupenda kiasi gani. Muulize, siku haupo, mimi kwa ndugu zako nitakuwa nani?

Akisita, kaeni muongee, huyo anafikiri.

Akikujibu haraka na kwa upole, anza kukusanya vilivyo vyako.