Bibi Aliyegombana na Kioo cha Angani

Kwa, kwa, kwa. Kijiko cha bati kikigonga kopo tupu la maziwa. Ukinifumba macho leo ukaniuliza utoto wangu ulikuwa na sauti gani, nitakujibu ni hiyo, wala sitasita. Nilikuwaga mlinzi wa dagaa. Bibi yangu alikuwa akianika dagaa kwenye miamba ya Mugango, na kazi yangu baada ya shule ilikuwa kukaa kivulini na kugonga kopo kila kunguru au korongo aliposogea. Kunguru ana aibu kidogo. Korongo hana. Anasimama pale kwa mguu mmoja, anakuangalia kama mkwe aliyeahidiwa chakula.

Kilichonikumbusha ni kazi yangu ya sasa. Ninafunga madishi ya tivii hapa Bunda. Shule niliishia kidato cha pili, lakini dishi nalijua. Wiki iliyopita nilikuwa juu ya bati la mteja huku Kabasa, natafuta signali, naye yuko chini ananielekeza: bado, bado, rudi kidogo, hapo hapo usiguse. Picha ilipotulia ikawa ni taarifa ya habari. Walikuwa wanasema kuna watu huko ng'ambo wanataka kupeleka vioo angani, vichukue mwanga wa jua na kuuelekeza duniani usiku.

"Hawa wamekosa kazi," mteja akasema.

Mimi nikakaa palepale juu ya bati, spana mkononi, nikacheka, halafu nikaona macho yananilowa. Kwa sababu kioo hicho nakijua. Nilikifahamu nikiwa darasa la nne. Bibi yangu aligombana nacho.

Ngoja nikueleze vizuri. Jirani yetu alikuwa mwalimu mstaafu. Alifundisha Butiama miaka mingi, akarudi Mugango na begi la nguo na kasha la vitabu alivyookota kwenye mitumba ya Musoma mjini. Vingi vilikuwa vya mwandishi mmoja tu, mzee wa nchi za baridi aliyetunga hadithi za watu wa angani. Mwishoni mwa kila kitabu mzee huyo aliweka kurasa chache za maoni yake. Humo, Mwalimu alituambia, alikuwa ameandika zamani sana kwamba siku moja mitambo itaning'inia juu kabisa, ibebe sauti na picha, itazame mvua inakotoka. Watu walimcheka. Halafu mitambo ikapelekwa kweli.

Alasiri Mwalimu alikuwa anakuja kukaa nasi kwenye miamba. Bibi anageuza dagaa kwa ufagio, chwaa, chwaa, harufu imejaa puani mpaka huisikii tena, na kwenye sahani kuna viazi vya kuchemsha vya kila mtu. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza. Mwalimu anasoma kidogo kimoyomoyo, ananyamaza, halafu anatusimulia kwa Kiswahili. Pale anaponyamaza, mimi nagonga kopo.

Hadithi iliyonishika ilikuwa ya binti rubani. Alitumwa peke yake, mbali kupita mwezi, akakunjue kioo kikubwa kitakachomulika dunia usiku. Akiwa huko, chombo chake kikaishiwa umeme. Umeme ungerudi pale tu kioo kitakapofunguka na kumulika chombo chenyewe. Asipokifungua, harudi nyumbani.

Bibi hakuelewa habari ya kioo. Mwalimu akainuka, akachukua kile kioo kidogo cha Bibi kilichokuwa kinaning'inia kwenye msumari nje, pembeni ya mlango, akakielekeza juani. Doa la mwanga likaingia jikoni, likapita juu ya masizi, likapanda chungu, likamkuta kuku amelalia mayai. Kuku akatoka mbio anatukana. Mimi nilicheka nikajishika tumbo. Bibi alicheka pia, halafu akaacha.

"Na hicho cha juu kina ukubwa gani, Mwalimu?"

"Kinapita Mugango yote, Bibi."

"Kitamulika na ziwani?"

"Popote watakapokielekeza."

Bibi akauegemeza ufagio. "Basi huyo mtu hajui dagaa."

Na kweli. Kwetu dagaa wanavuliwa siku za giza. Wavuvi wanawasha karabai, dagaa wanafuata mwanga. Mwezi ukijaa, ziwa lote ni jeupe, taa haina maana, mitumbwi inapumzika na sisi tunakula kisamvu.

"Usiku ukiwa mweupe mwaka mzima nitaanika nini?" Bibi akauliza. "Mawe? Na huyu atavaa nini shuleni? Kitabu hicho kisisomwe tena hapa kwangu."

"Ni hadithi tu, Bibi."

"Na mitambo ilikuwa hadithi. Si wewe umesema alichekwa, halafu ikapelekwa?"

Mwalimu akakifunga kitabu, akakitia kwapani. Siku zilizofuata alikuja mikono mitupu, akaongea bei ya mihogo.

Mimi nikanyong'onyea. Kopo nilikuwa naligonga kama mgonjwa, korongo wakajua. Mmoja alikuja akachota dagaa hatua mbili tu kutoka miguuni kwangu, akaondoka taratibu. Bibi akaniita.

"Una nini wewe? Umekula?"

"Nimekula."

"Sasa?"

"Yule dada bado yuko kule juu, Bibi."

"Dada gani?"

"Rubani. Yuko peke yake, giza tupu. Mama yake anamsubiri, kila siku anamwekea chakula."

Bibi aligeuza dagaa hadi mwisho wa mwamba, akarudi akageuza walewale. Wakati huo mama yangu mimi alikuwa ameenda Mwanza kutafuta maisha, na barua zilikuwa zimekatika. Bibi alikuwa bado anasonga ugali wa watu watatu. Asubuhi tunaula kiporo na chai.

Kesho yake nilipotoka shule hata sare sijavua, akaniambia, "Kamwite Mwalimu. Aje na kile kitabu."

Mwalimu alikuja amekikumbatia kama mtoto. Bibi alikuwa amesimama, hakumpa hata muda wa kukaa.

"Mwambie afungue."

"Nani, Bibi?"

"Huyo mtoto. Afungue hicho kioo arudi kwa mama yake. Mambo ya dagaa tutajuana wenyewe."

Mwalimu akasoma hadi mwisho, na siku hiyo hakuna aliyegonga kopo. Binti akafungua kioo, mwanga ukamwagika, taa za chombo zikawaka moja moja, akashuka nyumbani salama. Nilishusha pumzi kama mimi ndiye niliyekuwa nimekwama.

"Mama yake alimpikia nini?" Bibi akauliza.

"Kitabu hakisemi."

"Basi mwandishi wako makubwa anayaweza, madogo yamemshinda." Akashika ufagio wake. "Na huyo binti akishapumzika, aambiwe siku za giza akikunje. Kifunguliwe mwezi ukijaa tu, wavuvi wakiwa wamelala zao."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Akatuambia kwamba kwenye maoni yake mzee yule alisema hivyohivyo: anayetaka kutundika kitu angani aulize kwanza walio chini, maana anga halina uzio.

"Mimi hakuniuliza," Bibi akasema.

Tangu hapo, kila siku za giza zikianza, Bibi alikuwa anakigeuza kioo chake pale msumarini, kinatazama ukuta. Ukimuuliza anasema yeye upande wake ameshatimiza.

Mwalimu alifariki nikiwa kidato cha kwanza, na lile kasha sijui liliishia wapi. Bibi akamfuata. Mama alirudi, lakini alichelewa. Aliukuta ufagio tu. Dagaa sasa wanaanikwa juu ya chanja za wavu, safi, bila mchanga, na karabai zimeisha. Taa za siku hizi zinashiba jua mchana, kama kile chombo cha yule binti, na hazivumi. Yule mzee wa vitabu alipatia mengi. Ninapolenga dishi namfikiria, na namfikiria aliyemsahihisha.

Jumamosi nilikwenda Mugango. Nyumba imefungwa, majani yamefika dirishani. Kioo bado kipo msumarini, kimepasuka katikati, labda ndiyo maana hakuna aliyekitamani. Jua lilikuwa linashuka, na huko chini vijana walikuwa wanapakia taa kwenye mitumbwi. Siku za giza zilikuwa zimeanza.

Nilikifuta vumbi kwa upindo wa kanga yangu, nikakigeuza kikatazama ukuta.