Picha Alizozikata Shemeji

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ni mtu wa kusimama katikati ya picha. Kazini kwao, kwenye ofisi ya viwanja, wenzake walimwita Mgeni Rasmi, naye akadhani wanamheshimu. Alikuwa na kitambi cha cheo asichokuwa nacho, kalamu mfukoni ambazo sijawahi kuona hata moja ikiandika, na sauti ya kutangaza hata anapoomba chumvi.

Baba mkwe alipopooza upande mmoja, aliyebaki naye ni wifi yangu, dada yao. Alifunika cherehani yake akahamia chumbani kwa mzee. Akawa anamgeuza kitandani asipate vidonda, anamwogesha, anamlisha, anafua mashuka. Miaka ikakatika hivyo, nyumbani na hospitalini. Shemeji alikuja pale alipojisikia. Alisimama karibu na kitanda, shati jeupe limenyooka, akanitupia simu: "Shemeji, hebu tupige na mzee." Akishapata picha yake, huyo, hata chai haijachemka.

Mzee alipofariki, ikaamuliwa kitengenezwe kijitabu cha kumkumbuka, wagawiwe waombolezaji. Shemeji akadaka neno hewani. "Mambo ya kompyuta niachieni mimi. Nyie mtaharibu."

Akakaa kwenye meza yetu ya kulia chakula, miwani puani. Nikampelekea chai, nikasimama nyuma yake. Alikuwa ameshaziweka picha katikati ya maandishi. Anabofya moja, kingoni zinatokea alama nyeusi, anazikamata na kuzisukuma ndani. Wifi anapungua bega, anapungua sikio, anatoweka. Picha inayofuata, vivyo hivyo, kwa utulivu wa mtu anayemenya chungwa.

"Shemeji, mbona wifi unamtoa?"

"Simtoi. Napangilia. Picha ikijaa watu haieleweki."

"Watu wenyewe si watatu tu?"

"Wewe nenda kaangalie sufuria zako."

Nikaenda, maana ningebaki ningemmwagia ile chai. Lakini niliona. Kwenye picha ya mzee akilishwa supu, wifi hakukatika vizuri. Ukimwondoa kabisa, unakata na mdomo wa mzee. Kwa hiyo kikabaki kijiko na vidole viwili, vinaelea kama vya jini. Upande wa pili Shemeji, kidevu juu. Chini yake akaandika: "Mwana mkubwa akimlisha baba yake."

Alichokuwa anakitafuta kilijulikana. Mzee aliacha nyumba, na baada ya mazishi kulikuwa na kikao cha familia. Aliyemuuguza ndiye angesikilizwa kwanza.

Faili akalituma kwa mama mmoja mwenye duka la uchapaji, kisha akaenda kupimwa suti. Nakala ya kwanza hakuja kuiangalia. Yule mama alipofungua akaona vidole visivyo na mwenyewe, na ukurasa mwingine mkono umeshika bega bila mtu, akadhani faili limeharibika njiani. Ile programu haikitupi kipande ulichokikata, inakificha tu. Mama wa watu akazirudisha picha zote zilivyokuwa, akazipanga upya, akachapa. Maneno ya chini hakuyagusa. Hayakuwa kazi yake.

Maboksi yalifika waombolezaji wameshakaa. Vijitabu vikapita mkono kwa mkono. Kwanza nikasikia karatasi zikifunuliwa, kisha mtu akakohoa, kisha mwingine akaziba kicheko kwa leso. "Mwana mkubwa akimlisha baba yake": wifi ameinama na bakuli, kijiko mkononi, na mwana mkubwa pembeni ameshika funguo za gari. Ukurasa wa pili, "Sikumwacha peke yake hospitalini": Shemeji amesimama na suti yake, na chini, kwenye kipande alichokuwa amekikata, wifi amelala sakafuni, kichwa kwenye ukingo wa kitanda, mkono wa mzee kiganjani mwake.

Shemeji mwenyewe alikuwa mbele akisoma hotuba. "Mikono hii mnayoiona ndiyo iliyo..." Akanyanyua macho. Hakuna aliyekuwa anaitazama mikono yake. Mume wangu akamsogezea kijitabu. Akafunua, uso ukamshuka.

"Kuna makosa ya uchapaji," akasema. "Tafadhali virudisheni."

Shangazi, dada wa marehemu, akakikunja chake akakitia kwapani. "Makosa gani? Huyu binti si ndiye aliyekuwa akimlisha ndugu yangu? Au macho yangu yameisha?"

Hotuba iliyobaki akaimeza. Wakati wa chakula gari lake halikuwepo.

Wifi alikitazama kile kijitabu ukurasa kwa ukurasa. Nikangoja alie, au atukane, nimsaidie.

"Jamani," akasema, "mngeniambia napigwa picha ningefunga kitambaa vizuri."

Kwenye kikao Shemeji alikuja amechelewa, akakaa karibu na mlango. Nyumba ikabaki kwa wifi bila mabishano, na sasa anashonea sebuleni, penye mwanga. Mgeni Rasmi huwaambia watu kwamba mashine ya yule mama ilimchanganyia picha. Wapo wanaomwamini, watu wa aina yake hawakosi wasikilizaji. Wifi bado humpigia kumjulia hali. Mimi simu ya Shemeji ikiita, naiacha iite.