Salamu ya Mama Jilala

Mganga wa zahanati ya kijiji chetu cha ujamaa, karibu na Masumbwe, haulizi goti linaumaje. Akina mama wetu anawajua: hata likiwaka moto watajibu, "Salama tu." Hulipapasa kwa viganja alivyovisugua vikapata joto, halafu hukaa kigodani kama chifu asiye na watu. "Haya, nisalimie kama mkwe." Mara zote Mama Jilala, mwenye goti bovu, alipojaribu kupiga magoti aliishia nusu njia, na wifi yake akajitapa kwamba Jumapili, ng'ombe wa mahari ya binti wakifika, yeye ndiye atakayewapigia wakwe magoti. Leo, baada ya mazoezi aliyopewa na mganga, Mama Jilala alishuka kwa magoti hadi sakafuni. "Mwadila, baba," akamwamkia kwa Kisukuma. Akainuka bila kushika ukuta. Mganga, na ndevu zake zote, akapiga vigelegele kama shangazi wa bibi harusi. "Wifi yako sasa mpe kazi ya kuchota maji."