Mbwa Niliyemkana Mpendae

Nilikwenda Paje kwa sababu ya uongo wangu mwenyewe. Nianzie hapo, maana mie nikianzia mbali huwa sifiki.

Nilikuwa na mbwa, Popo, kwangu Mpendae, mjini, akilala nje ya uzio na kulinda kuku. Wengi wetu mbwa hatumkiri. Tunamlisha, jina tunampa, tukiulizwa tunasema kajijia tu. Siku ya chanjo, daktari wa mifugo akauliza, "Huyu wa nani?" Nimetoka msikitini, wenzangu wapo. Nikasema simjui. Hakuna wa kumshika, akaachwa. Paka wangu nilimpakata mwenyewe, akachanjwa, nikapewa cheti.

Baadaye Saumu, mdogo wangu wa Paje, akataka mbwa wa kufukuza kima shambani. Akauliza, kachanjwa? Nikamwambia keshachanjwa, nikampelekea Popo.

Asubuhi moja akapiga simu. Popo kabadilika, anatoka udenda, kamng'ata yeye Saumu mkono kisha katoroka. "Nshaosha kwa sabuni, siendi popote. Si kachanjwa?" Nikasema, "Nakuja." Hapo nilikosea mara ya tatu, kwa kutomwambia ukweli pale pale awahi hospitali.

Saa tatu, msitu wa Jozani. Gari ikasimama kupisha kima. Nikawatazama nikiwaza, nyie ndio mlioanza. Kisha nikaona haya. Hata kima nataka kuwasingizia.

Saa nne nilifika Paje. Saumu kakaa barazani, anafunga mbegu za mwani kwenye kamba kwa mkono mmoja, wa pili kauzungushia kitambaa.

"Shikamoo kaka. Umekuja kunizika?"

"Marahaba. Vaa buibui twende hospitali."

"Kwa jino la mbwa aliyechanjwa?"

"Hakuchanjwa, Saumu. Nilimkana mbele za watu."

Akaiweka kamba chini. "Na paka wako?"

"Yeye kachanjwa. Cheti ninacho."

"Basi ungeniletea paka," akasema, akaingia ndani kuvaa.



Saa sita, hospitali. Muuguzi akakiosha tena kidonda kwa maji mengi, akamchoma sindano, nyengine pale pale kwenye jeraha. "Kichaa cha mbwa kikishajitokeza hakina dawa, Bi Saumu. Kinawahiwa. Usikose sindano hata moja." Akashika kalamu. "Mbwa wa nani?"

Benchi limejaa watu. Saumu akanitazama.

"Wangu," nikasema. "Na hakuchanjwa."

Alasiri nilirudi mjini peke yangu. Siku ya pili Popo alikutwa kafa kwenye mihogo, watu wa mifugo wakamchukua. Saumu sindano zote kamaliza, miezi imepita, mzima. Kusamehe hajanisamehe, ila simu anapokea.

Nimejifunza nini? Kwamba haya yangu ilikuwa ndogo kuliko mkono wa ndugu yangu, na nilikuwa sijui. Sasa nina mbwa mwengine. Juzi nilimpitisha kwa kamba mbele ya baraza la kahawa mchana kweupe, nikampeleka chanjo. Cheti chake nimekiweka pamoja na cha paka. Kwenye mstari wa mwenye mbwa, limeandikwa jina langu.